UZI: Bakteria na saratani. Someni kabla hamjamshauri mgonjwa aache kemo

MtuWaMaabara (Malindi)

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote. Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Malindi, na najua imeshafika Lamu na Mpeketoni. Msemaji anasema wapo bakteria wanaoua saratani, hospitali zinaficha habari hiyo, na mgonjwa mwenye akili aache "sumu ya kemo" anunue kwake kopo la vidonge vya bakteria "wa asili".

Kwamba bakteria hutumika kutibu saratani ni kweli tupu. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtu akiulizia ataambiwa ndiyo, wanatumika, kisha ataamini na yale mengine yote. Mimi kazi yangu ni maabara, vijidudu naviona kwenye hadubini kila siku, na nimekuja na neno moja. Hiyo kemo mnayoambiwa muikimbie, dawa zake kadhaa kubwa zilitolewa kwa bakteria wa udongoni. Mgonjwa anayeiacha dripu akafuata kopo ameacha dawa ya bakteria iliyopimwa, akashika ambayo haijapimwa na yeyote.

Chukueni ile dripu nyekundu. Waliouguza saratani ya matiti wanaijua. Jina lake doksorubisini. Miaka ya 1950 watafiti wa kampuni ya Farmitalia ya Italia walichukua udongo karibu na Castel del Monte, ngome ya karne ya 13 iliyoko Apulia, kusini mwa nchi hiyo. Katika udongo ule walimkuta bakteria anayetoa rangi nyekundu iliyokoza, wakampa jina Streptomyces peucetius. Rangi ile ile ndiyo iliyokuwa dawa. Ya kwanza ni daunorubisini, inayotumika mpaka leo kwa saratani ya damu. Baadaye walimgeuza bakteria huyo maabara akatoa ya pili, doksorubisini, ambayo inafaa kwa saratani nyingi zaidi. Kwa hiyo wekundu wa dripu haukutiwa na hospitali. Umetoka kwa mdudu.

Bakteria wa udongoni anataka nini na sumu kama hiyo? Kiganja cha udongo kina mamilioni ya vijidudu wanaogombea chakula, na Streptomyces hana miguu ya kukimbilia. Anajihami kwa kemikali. Doksorubisini hujipenyeza katikati ya nyuzi za DNA na kukikwamisha kimeng'enya kinachofungua mafundo wakati seli inapojigawa. Seli ya saratani hujigawa bila kupumzika, ndiyo maana inaumia zaidi. Lakini seli za mizizi ya nywele, za utumbo na za uboho nazo hujigawa upesi. Hizo nazo hupigwa, ndipo nywele hutoka, mdomo huota vidonda na damu hupungua. Moyo una hesabu yake peke yake: madhara hujumlika dozi baada ya dozi, na kwa hiyo kuna kikomo cha maisha yote, kwa kawaida kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Ndiyo sababu mnatumwa kupiga eko ya moyo. Msiikwepe.

Ziko nyingine. Daktinomaisini ilitolewa na Selman Waksman na Boyd Woodruff mwaka 1940, nayo huponya watoto wenye uvimbe wa saratani kwenye figo. Bleomaisini ilitoka Japani kwa Hamao Umezawa, na wagonjwa wa saratani ya Kaposi wa nchi hii wamepewa sana. Asparajinasi, inayotibu watoto wenye saratani ya damu, ni kimeng'enya cha bakteria wa tumboni, E. coli, yule yule tunayemtafuta kwenye maji ya visima.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

BintiLangoni (Lamu)

Kaka, Mungu akulipe. Mamangu ana saratani ya ziwa. Ameshapigwa hiyo nyekundu, nywele zimekwisha, na siku ile ile mkojo ukatoka mwekundu akalia akidhani ni damu. Yeo jirani kamletea hilo kopo. Mama asema hivi ni vya Mungu, vile ni vya watu. Kila safari ni mashua hadi Mokowe, kisha basi usiku kucha, na amechoka. Mimi ni mtoto wake, siwezi kumkalia mama kichwani. Nimwambieje?

MtuWaMaabara (Malindi)

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu na pole nyingi. Mkojo ule haukuwa damu, ni rangi ya dawa ikitoka, na huisha kwa siku moja au mbili. Alipaswa kuambiwa kabla hajatoka kitandani, na inaniuma kwamba hakuambiwa.

Kuhusu hivyo vya Mungu, mwambie kwa upole kwamba na ile nyekundu imetoka katika udongo wa Mungu. Aliyeumba bakteria wa kopo ndiye aliyemuumba Streptomyces. Tofauti ni kwamba huyu wa dripu anajulikana jina, kiasi chake kimepimwa, na madhara yake yameandikwa miaka na miaka, ndiyo maana daktari anajua pa kusimama.

Sasa lile kopo. Siku kadhaa baada ya kemo chembe nyeupe za damu hushuka sana. Mtu akiwa hali hiyo, bakteria hai ambaye kwa mzima hana neno anaweza kupenya utumbo na kuingia damuni. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea huua. Tena mwaka 2021 ulitoka utafiti katika jarida la Science juu ya wagonjwa wa saratani ya ngozi waliokuwa kwenye dawa za kuamsha kinga. Waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele. Waliokuwa wakimeza vidonge vya bakteria vya dukani hawakuonekana kupata nafuu ya ziada. Saratani ya mama ni nyingine na dawa zake ni nyingine, kwa hiyo usinukuu kama ndiyo hukumu yake. Ila pesa ya kopo, afadhali iende kwenye kunde, pojo, mchicha na matembele, vyote vimepikwa vikaiva.

Na nunueni kipimajoto. Akiwa kwenye kemo homa ikifika 38, msingoje asubuhi, msimpe panadoli mkalala. Mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huo huo na mseme neno "kemo" mlangoni.

Safari kweli ni ndefu. Muulizeni daktari wake kama vipimo vya damu vya kabla ya kemo vinaweza kufanywa huko huko Lamu, ili asifike mwisho wa safari akarudishwa kwa kuwa damu iko chini. Hilo huwachosha wagonjwa kuliko dawa yenyewe.

TabibuWaMizizi (Mambrui)

Nakusoma kwa heshima, lakini nyinyi wa hospitali huwa mwatuona sisi wajinga. Wazee wetu wametibu kwa mizizi na majani kabla ya hizo ngome za Italia. Asili ni asili.

MtuWaMaabara (Malindi)

Ami, sikudharau hata kidogo. Lile ua dogo la petali tano linalopandwa nyuani kwetu, asili yake Madagaska, ndilo lililotoa vinkristini, dawa inayotibu saratani ya damu kwa watoto. Majani na bakteria vimetupa sehemu kubwa ya kemo. Ninachodai ni kimoja: ukimpa mgonjwa kitu, ujue ndani yake mna nini na kiasi gani. Majani ya ua hilo yakichemshwa hovyo hushusha chembe nyeupe vile vile, na anayeyanywa hajui amekunywa dozi ngapi. Nakuomba, mgonjwa wako akiwa kwenye kemo, mruhusu amwambie daktari kila anachotumia kwako. Kuna mizizi inayozuia ini lisiitoe dawa mwilini.

Nahodha_Faza (Lamu)

Sisi tuko ndani ya matope ya mikoko toka utotoni. Kuna wageni huja wakitota matope na vidude vya mwambani, wakisema ni utafiti. Je, huko baharini nako mna dawa ya saratani? Na ikipatikana, mtu wa Amu atapata nini?

MtuWaMaabara (Malindi)

Nahodha, swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Baharini mna mengi. Katika mikoko ya Karibiani, kwenye mizizi iliyozama majini, huota viumbe laini vinavyoshikamana kama vishada. Vilitolewa humo trabektedini, dawa ya saratani za misuli na mafuta ya mwili, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2007 na Marekani mwaka 2015. Waliochunguza kwa makini wakakuta mtengenezaji si kile kiumbe, ni bakteria anayeishi ndani yake.

Lingine liko katika bahari yetu hii hii ya Hindi. Mwaka 1972 timu ya George Pettit wa Arizona ilianza kukusanya konokono wa baharini asiye na gamba la nje, kule Morisi. Ndani yake walipata dolastatini kwa kiasi kidogo mno, hata mwaka 1987 ndipo wakaweza kutangaza umbo lake kamili. Baadaye ikajulikana kwamba konokono huipata kwa kula bakteria wa kijani wanaoota kama ukungu juu ya miamba. Dolastatini peke yake ilikuwa kali mno kwa mtu. Wakatengeneza nduguye, wakamfunga kwenye kingamwili inayojua kuitafuta seli ya saratani, isifunguke hadi iingie ndani ya seli hiyo. Dawa hiyo, brentuksimabu vedotini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya tezi aina ya Hodgkin ambayo imeshindikana kwa kemo ya kawaida.

Na si kila kitu cha bahari kimefaulu. Katika tope la sakafu ya bahari ya Bahamas alipatikana bakteria Salinispora tropica, akatoa salinosporamaidi, iliyotumainiwa sana kwa saratani ya ubongo. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wengi haikuwarefushia maisha. Hilo ndilo jambo ambalo muuza kopo hatakwambia, kwa sababu chake hakijawahi kupita katika jaribio kama hilo.

Bara letu nalo limetoa. Udongo wa kingo za mto Zambezi uliwapa Wajerumani Höfle na Reichenbach bakteria wa epothiloni, na kutoka kwake ikazaliwa iksabepiloni, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007.

Atapata nini mtu wa Amu? Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kijidudu kilichomo ni mali. Kenya ina kanuni za 2006 chini ya sheria ya mazingira: anayetaka kuchukua sampuli za viumbe kwa utafiti awe na kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na awe ameelewana na wenyeji. Tena nchi yetu imo katika Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kufanya kazi mwaka 2014, wa kugawana faida. Haya yalikuja baada ya mvutano mrefu juu ya vijidudu wa ziwa Bogoria waliotoa vimeng'enya vya kiwandani. Kwa hiyo mkimwona mtu anachota matope, mwombeni kibali kwa adabu, na BMU yenu, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, iandike jina na tarehe. Msimfukuze. Mtafiti mwenye kibali anafaa kukaribishwa.

MsomaMengi (Malindi)

Mbona humtaji Coley? Daktari wa New York aliponya saratani kwa bakteria zaidi ya miaka mia iliyopita. Walimzima. Na sasa nasikia kuna salmonela wa kutengenezwa. Huo si ushahidi kwamba kuna kinachofichwa?

MtuWaMaabara (Malindi)

William Coley hakufichwa, ndugu yangu. Amesomeshwa vyuoni. Alikuwa daktari wa upasuaji. Mwanzoni mwa 1891 alimpoteza msichana wa miaka 17 kwa saratani ya mfupa, akaingia kusaka katika majalada ya hospitali. Akakuta habari ya mgonjwa aliyekuwa na uvimbe shingoni usiotibika, akashikwa na maambukizi makali ya ngozi, na uvimbe ukatoweka. Coley akaanza kuwachoma wagonjwa bakteria hai wa maambukizi hayo, streptokoki. Wengine walipona. Wengine waliuawa na bakteria wenyewe. Ndipo akageukia mchanganyiko wa bakteria waliouawa kwa joto.

Ukaachwa kwa sababu za wazi. Mchanganyiko ulitofautiana kutoka mtengenezaji hadi mtengenezaji, mionzi ikaja na matokeo yanayotabirika zaidi, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mmoja anapona na wa pili hafaidiki. Leo tunajua kilichokuwa kikitokea: bakteria walikuwa wakiiamsha kinga ya mwili, na kinga ndiyo iliyoushambulia uvimbe. Fikra hiyo haikuzikwa. Kazi ya James Allison na Tasuku Honjo juu ya kuifungua kinga dhidi ya saratani ilipata tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Hao salmonela wa maabara ni kweli. Katikati ya uvimbe mkubwa hewa ya oksijeni haifiki vizuri, na wapo bakteria wanaopenda mahali pa namna hiyo. Salmonela aliyedhoofishwa alijaribiwa kwa watu, matokeo yakatoka 2002: kwa wagonjwa wachache aliingia kwenye uvimbe, lakini uvimbe haukupungua. Huko Johns Hopkins walimpunguza sumu Clostridium novyi, wakamdunga ndani ya uvimbe wa mbwa na wa binadamu mmoja, wakaandika mwaka 2014 kwamba ulipungua. Inatia moyo, nami naifuatilia kwa hamu. Lakini hayo ni majaribio. Hayauzwi kwenye kopo.

MzeeWaGongoni

Kijana, mimi nimeingizwa kamera ya kibofu, wakakwangua uvimbe. Majibu yametoka saratani, bado haijaingia kwenye nyama. Sasa wanasema nitawekewa BCG. Hiyo si chanjo ya watoto wachanga? Mjukuu wangu alidungwa mkononi juzi tu. Wananitania?

MtuWaMaabara (Malindi)

Mzee wangu, shikamoo. Hawakutanii. Unapewa tiba ya bakteria iliyo imara kuliko zote tulizozungumza.

BCG ni bakteria hai, wa jamii ya kifua kikuu cha ng'ombe. Albert Calmette na Camille Guérin walimlea maabara kule Lille, Ufaransa, kuanzia 1908 hadi 1921, wakimhamisha chakula kipya mara 230, hadi akapoteza ukali wa kuleta ugonjwa. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada alichapisha matokeo ya kumtia ndani ya kibofu cha wagonjwa wa saratani, na uvimbe ukaacha kurudi kwa wengi wao. Marekani iliidhinisha mwaka 1990. Mpaka leo, kwa saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye msuli na iko katika hatari ya kurudi, ndiyo tegemeo.

Hutadungwa sindano. Watapitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, wamimine dawa, uizuie kama saa mbili, kisha ukojoe. Mara moja kwa wiki kwa wiki sita, na baadaye huenda ukapewa nyingine za kulinda. Bakteria hujishika kwenye utando wa ndani wa kibofu, kinga yako inakuja mbio kuwafukuza, na katika vita hiyo inaziua na seli za saratani. Kiasi chake ni kikubwa mara mamia kuliko cha mjukuu wako, na hutengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo mtu asije akakuambia ya kliniki ya watoto inatosha. Dunia imekuwa na uhaba wa BCG ya kibofu kwa miaka, kwa hiyo hakikisha dozi zote zimepatikana kabla hujaanza.

Kama una ugonjwa unaoshusha kinga, au unameza dawa za kuishusha, au umewahi kuugua TB, waambie kabla. Huyu ni bakteria hai.

KijanaMarafa

Mimi nimeogelea kwenye mabwawa ya huku bara tangu utotoni. Mvulana akikojoa damu tulidhani ni kubalehe. Hii BCG ingetufaa sisi pia?

NesiMstaafu (Malindi)

Niruhusuni nimjibu huyu, maana nimewaona wengi. Mwanangu, hiyo ni kichocho. Mdudu wake hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi, na mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu. Pwani hii tunayo, Kwale, Kilifi na Tana. Ikiachwa miaka mingi bila matibabu inaweza kuleta saratani ya kibofu, na shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza hivyo mwaka 1994. Mara nyingi saratani hiyo ni ya aina nyingine na ile ya mzee hapo juu. BCG haiifai, tiba yake ni upasuaji. Kwa hiyo msingoje bakteria wa kuwaokoa mwisho. Prazikwanteli ni vidonge vya kumeza mara moja, na shuleni hugawiwa bure. Wewe nenda ukapimwe mkojo, na kama una zaidi ya miaka arubaini na damu inatoka, omba na kamera.

MtuWaMaabara (Malindi)

Nesi ameshasema yote. Niongeze la maabara tu: leta mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai huwa mengi. Ukileta wa alfajiri tunaweza tusiyaone.

MzeeWaGongoni

Ahsante, mwanangu. Sasa nyumbani choo ni kimoja na wajukuu wamejaa. Nikirudi na hao bakteria kwenye mkojo si nitawaambukiza?

MtuWaMaabara (Malindi)

Kwa saa sita za mwanzo baada ya kila dozi, kojoa ukiwa umechuchumaa au umekaa ili mkojo usirukie pembeni. Kila ukimaliza mimina jiki, karibu kiasi cha mkojo wenyewe, iache dakika 15 hadi 20, ndipo umwage maji. Nawa mikono na sehemu za siri kwa sabuni. Watoto wasiingie chooni mpaka hizo dakika ziishe. Kunywa maji mengi siku hiyo. Mkojo kuchoma na uchovu wa siku moja au mbili ni kawaida. Homa ikipanda zaidi ya 38.5 au ikipita siku mbili, rudi hospitali uwaambie umewekewa BCG, maana dawa za homa hiyo si zile za malaria.

Kuhusu udhu na sala ukiwa umezuia dawa kibofuni, muulize imamu wa msikiti wenu kabla ya dozi ya kwanza. Sitaki uwe na wasiwasi nalo ukiwa kitandani.